Ombi la Kuongezewa Alama Bia Nambari Saba

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Jopo la Majaji,
Chama cha Watengenezaji Bia wa Nyumbani.

Yah: Alama kumi na tisa zinazokaribia kumkosesha binti yangu mume

Heshima yako. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, koo lako halijakauka, na watu wa nyumbani kwako wanakula na kulala vizuri. Sisi huku hatuli wala hatulali vizuri, na sababu ni wewe. Nasema hivyo kwa adabu zote.

Hunijui. Mimi ni mke wa Jaji Nambari Nne, yule bwana mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye mwezi uliopita alikaa mezani kwenu kuonja na kuhukumu zile bia za njano, chungu, zinazotengenezwa majumbani, ambazo wenyewe mnaziita peli-eli. Kwa kazi yangu mimi ni msafishaji wa picha katika studio. Mtu akija kupigwa picha ya pasipoti akiwa amekesha, mimi ndiye ninayemwondolea mifuko chini ya macho. Nimefungua macho yaliyofumba, nimefunga midomo iliyoachama, na bwana mmoja nimempa shingo ambayo Mungu hakuwahi kumpangia. Hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba amependeza mno. Nakueleza haya mapema ili ujue kuwa ninachokuja kukuomba si jambo geni duniani, na kwamba unaongea na mtu wa fani.

Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, maana mume wangu amenizoesha.

1. Kwanza nalalamika kwamba mlimfanya jaji.

Nimeambiwa jaji wenu halisi wa nne aliamka na mafua siku ya mashindano, pua ikaziba, hata ungemwekea mafuta ya taa angesema yana harufu ya maua. Mume wangu alikuwa amepita pale ukumbini kwa shughuli zake, anakagua mistari ya maegesho kama imepakwa rangi sawasawa. Mkamwona ana ubao wa kuandikia, ana karatasi, ana uso wa mtu asiyecheka ovyo, mkasema huyu huyu. Mheshimiwa, je, mlimuuliza anafanya kazi gani?

Mume wangu ni mtahini wa madereva. Mtaani wanamwita Bwana Rudia. Amewahi kumwangusha dereva wa gari la zimamoto kwa sababu ya kwenda kasi. Amewahi kumpitisha mwanafunzi na kumwangusha mwalimu wake aliyekaa kiti cha nyuma. Mimi mwenyewe alikataa kunitahini kwa kuwa ni mkewe, akanipeleka kwa mwenzake, akamwambia nikiwa nimesimama pale pale, “Huyu usimwonee huruma, namjua.” Mpaka leo natembea kwa miguu. Mtu wa namna hiyo ndiye mliyempa glasi mkononi mkamwambia atoe alama kwa jasho la watu.

2. Pili nalalamikia huo utaratibu wenu wa kuficha majina.

Nimeelezwa kwamba bia zinaletwa mezani zikiwa na namba tu, ili jaji asijue ameonja ya nani. Hilo sina ugomvi nalo. Lakini mashindano yakiisha, ile karatasi ya alama na maoni anatumiwa mtengenezaji nyumbani kwake, ikiwa na jina kamili la jaji na sahihi yake, eti mtengenezaji ajifunze. Yaani anayehukumu kafungwa macho, na anayehukumiwa kapewa anwani! Mimi nimesoma kidogo, lakini haki hiyo sikuiona popote.

Bia Nambari Saba ilitengenezwa na mama mzazi wa kijana anayetaka kumuoa binti yangu. Mama huyo ni Mwalimu Mkuu. Shule zikifungwa anajifungia stoo, nyuma ya jiko lake, na masufuria makubwa na kimea na yale maua yenu machungu, na anatoka huko akiwa na chupa. Mume wangu alijua kuwa mkwe wetu mtarajiwa ana shughuli za masufuria. Hakujua kwamba chupa zake zimefika ukumbini, wala yeye mama hakujua kwamba mkwe wake mtarajiwa ameokotwa maegesho akafanywa jaji.

Ilitosha mtu mmoja akohoe. Nambari Saba inapita mezani, mtu anakohoa kidogo, mume wangu anainua kichwa, anaelewa. Kukohoa si rushwa. Tena yule jaji mwenye mafua mlikuwa naye pale pale, anakohoa bure tangu asubuhi bila faida kwa mtu yeyote.

3. Tatu ni yale maoni.

Alama kumi na tisa kati ya hamsini zenyewe tungezimeza. Mtu angeweza kusema kalamu iliteleza. Lakini mume wangu hakuishia kwenye tarakimu. Aliijaza karatasi yenu kama anavyojaza zile za kazini kwake, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee anayoijua ya kumweleza binadamu makosa yake. Nanukuu, nikiliomba Jopo radhi.

Kuhusu mwonekano: “Imesimama vizuri, taa zinawaka, ila kioo cha mbele kina ukungu.” Kuhusu harufu: “Imetoka kabla ya kutoa ishara.” Kuhusu ladha: “Uchungu umeingia barabara kuu bila kutazama pande zote. Kimea kilikuwa na haki ya kupita kwanza, kikanyimwa.” Kuhusu namna inavyokaa mdomoni: “Breki hafifu. Inaendelea kwenda hata baada ya kuamriwa isimame.” Na kwa jumla: “Mtengenezaji asivunjike moyo. Afanye mazoezi mahali pasipo na watu, arudie baada ya miezi mitatu.”

Mahali pasipo na watu, Mheshimiwa! Mama aliyemlea mwanawe mpaka anavua viatu mlangoni kwa watu bila kuambiwa, leo anaambiwa akajifunze bia porini.

4. Nne, mlimtumia karatasi hiyo mtu asiyetumiwa karatasi za namna hiyo.

Mwalimu Mkuu ametoa alama maisha yake yote. Kupokea hajazoea. Mwanawe anasimulia kwamba mara ya kwanza aliisoma akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amekaa, kisha akaomba aletewe miwani nyingine, pengine ile ya kwanza ina kasoro. Halafu akavuta droo, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuisahihisha karatasi ya mume wangu.

Tuliletewa nyumbani, ndani ya bahasha, na kijana mwenyewe, mchumba wa binti yangu, ambaye alikaa kwenye ukingo wa kiti kama vile kiti kizima ni cha watu wengine. Mwandiko wa mume wangu umepata alama nne juu ya kumi. Penye “breki hafifu” amepigiwa mstari na pembeni ameulizwa, “Za nani?” Penye “mahali pasipo na watu” kuna alama ya kuuliza kubwa mpaka imetoboa karatasi. Chini ya sahihi yake ameandikiwa, “Ana uwezo lakini anapenda kujionyesha.” Na mwisho kabisa, kwa herufi kubwa: MZAZI AJE SHULENI.

Sasa mzazi wa mume wangu aliyebaki ni mama mkwe wangu. Tunaishi naye. Ni mtu mzima sana, na masikio yake huchagua ya kusikia. Hili alilisikia. Tangu siku hiyo kila asubuhi anavaa gauni lake la kijani, anakaa sebuleni na mkoba magotini, anangoja kupelekwa. Namwambia, “Mama, yale ni maneno ya hasira tu, hakuna anayekuita.” Ananijibu kwamba walimu hawamwiti mzazi bure, na kwamba yeye alijua ipo siku, kwa sababu mwanawe alikuwa hivyo hivyo tangu utoto, akiwakagua wadogo zake kucha kabla ya chakula, na nusu yao wakilala na njaa. Kisha anauliza kama tutakwenda kwa teksi.

5. Tano ndilo linalonifanya nikuandikie, na hapa, Mheshimiwa, naomba uweke kando hiyo glasi kama unayo.

Tulikuwa tumepatana kwamba familia mbili zikutane Jumapili hapa kwetu, tufahamiane, tupange siku ya harusi. Mapazia nilikuwa nimeshayafua. Viti viwili vilivyokuwa vinayumba nilikuwa nimeshavisogeza ukutani, visikaliwe na mgeni. Mwalimu Mkuu akaleta ujumbe kwamba kikao kimeahirishwa hadi mzazi atakapofika. Hakusema mzazi gani, wala afike wapi.

Binti yangu anafanya kazi katika duka la dawa. Ni mtoto makini, lakini juzi mteja aliyetaka dawa ya kikohozi alimfungia ya fangasi wa miguu. Bahati yetu yule bwana alikuwa na vyote viwili. Mchumba wake ni fundi wa majokofu. Alikuja hapa wiki iliyopita akasema anataka kuliangalia jokofu letu. Akalifungua, akasimama akitazama nyanya kwa muda mrefu, akajifuta macho, akasema ni gesi, akaondoka. Jokofu letu ni zima. Aliyeharibika ni yeye.

Hapa sitanii. Nina mtoto mmoja. Nimemwona akiwa na furaha, mtu mzima anaimba akipiga pasi, na sasa namwona anakoroga chai iliyokwisha kupoa, anakoroga tu, hainywi. Moyo unaniuma. Nimefuta makunyanzi ya watu nisiowajua mji mzima, na hili moja usoni kwa mwanangu nashindwa kuliondoa, na limewekwa na kalamu ya baba yake.

6. Sita ni fupi. Tangu mlipompa ujaji, mume wangu hanywi kitu bila kukizungusha kwanza. Chai anaiinua dirishani, anatazama mwanga. Maji ya kunywa anayanusa, anafumba macho, anasema, “Hmm.” Mchuzi wangu wa juzi umepata thelathini na moja. Hata kufurahi siwezi, maana nitamwambia nani kwamba mchuzi wangu umeishinda bia ya mkwe?

7. Saba, nimezungumza naye kama mke na mume, na sikufika popote.

Nilianza taratibu. Nikamwambia aseme kalamu iliteleza. Akasema kalamu zake hazitelezi. Nikamwambia aseme alikuwa na mafua. Akasema mafua yalikuwa ya mtu mwingine na yeye hachukui vitu vya watu. Nikamweleza kwamba kumi na tisa kuwa arobaini na tisa ni kazi ya mstari mmoja mdogo, na kwamba mimi mkewe ninalipwa kila siku kuongeza mistari midogo kama hiyo kwenye nyusi za watu. Nikaleta na brashi yangu nyembamba. Akaichukua karatasi akaiweka mfukoni, akalala nayo.

Mwisho nilipandisha sauti. Nikamwuliza alama zina thamani gani kuliko mwanawe. Akasema, “Nikibadilisha hii moja, kesho nitampitisha mtu asiyejua kurudi nyuma, naye atamgonga mtoto wa mwenzangu.” Nikamwambia bia haijawahi kumgonga mtu. Akafikiri kwa makini, akasema kwa ile ya nambari saba hana uhakika.

Nilimrushia taulo. Taulo lenyewe lilikuwa la jikoni, bichi, na sijutii.

8. Nane, na hili ni la kitaalamu.

Mimi bia yenyewe sijaionja. Sina haja. Mtengenezaji nimemwona. Kucha zake safi, sketi imenyooka, ofisini kwake vitabu vimepangwa kwa urefu kama watoto kwenye paredi. Mtu kama huyo bia mbaya ataitoa wapi? Tena nina ushahidi. Kwenye bahasha ile aliyoileta kijana mlikuwa na karatasi za majaji wote watano mlizomtumia mama yake, na wale wanne wenye vyeti nimewasoma mmoja mmoja. Wa kwanza ameandika, “Ya kipekee.” Wa pili, “Sijawahi kuonja kitu kama hiki.” Wa tatu, “Itakumbukwa.” Wa tano ameandika tu, “Hongera kwa kujaribu,” na kuweka nyota ndogo iliyochorwa vizuri. Hivi kweli watu wanne wenye elimu ya bia waseme hivyo, halafu mtu wa kukagua vioo vya gari peke yake aone hitilafu? Ni wazi mwenye hitilafu ni yeye. Siku ile alikuwa amekula vitunguu, nilivikata mwenyewe.

Kwa sababu hizo zote, Mheshimiwa Mwenyekiti, naliomba Jopo lako tukufu lifanye yafuatayo.

(a) Alama za Bia Nambari Saba kutoka kwa Jaji Nambari Nne zipandishwe hadi arobaini na tano. Siombi hamsini. Katika kazi yangu tunajifunza kuacha kipele kimoja ili picha iaminike.

(b) Kama kanuni zenu haziruhusu kupandisha, basi bia za washindani wengine wote zishushwe mpaka kumi na tisa iwe ndiyo alama ya juu. Hapo hamtakuwa mmemwongezea mtu chochote.

(c) Kama na hilo ni zito, basi ladha iondolewe kabisa katika vigezo vya kuhukumu bia. Imeleta fitina ya kutosha. Mahali pake pawekwe usafi wa chupa, unyoofu wa lebo, na tabia njema ya mtengenezaji.

(d) Kwa vyovyote vile, itolewe barua rasmi yenye muhuri wa Chama, ikieleza kwamba ulimi wa Jaji Nambari Nne una kasoro ya kuzaliwa, na kwamba hakuna anayepaswa kukasirishwa na yaliyosemwa na ulimi huo, kama vile hakuna anayemkasirikia kipofu kwa kukosea rangi asiyoiona. Barua hiyo nitamkabidhi Mwalimu Mkuu kwa mikono yangu miwili. Kama mtahitaji shahidi wa kasoro hiyo, mama mzazi wa mhusika yupo, ameshavaa, na anaweza kuja saa yoyote mtakayopanga.

(e) Mume wangu asialikwe tena. Akionekana maegesho na ubao wake, mwacheni apite.

Najua wewe ni mtu mwenye shughuli nyingi na kwamba meza yako imejaa chupa zinazongoja maamuzi. Lakini najua pia kwamba una familia, na kwamba siku moja na wewe utakaa sebuleni mbele ya wakwe, ukitazama mlango, ukiomba asiingie mtu na kusema ukweli. Siku hiyo utanikumbuka.

Nisalimie majaji wote, hasa yule wa nyota, mwambie ana mkono mzuri. Nisalimie jaji wa mafua, anywe maji ya moto. Msalimie mama anayeosha glasi zenu, maana nasikia katika ukumbi wote ni yeye peke yake aliyekuwa anafanya kazi. Wasalimie washindani, walioshinda na walioambiwa hongera kwa kujaribu. Salamu pia kwa mkeo, na kama anaendesha gari, mpe pongezi zangu na umuulize alitahiniwa na nani.

Nikiwa na matumaini ya kupata jibu kabla ya Jumapili, na heshima tele,

Mimi,
Mke wa Jaji Nambari Nne,
kwa niaba ya binti yake, ambaye hajui kama nimeandika.

Nyongeza: Nimelazimika kuifungua tena bahasha hii kwa mvuke wa birika, kwa sababu kabla sijaipeleka posta Mwalimu Mkuu alifika hapa nyumbani, yeye mwenyewe, bila taarifa, akiwa na chupa ya nambari saba iliyopoa vizuri ndani ya taulo. Alisema amechoka kusoma maneno ya majaji. Amekuja nionje mimi, mwanamke mwenzake, nimwambie kutoka moyoni. Akamimina. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama mara moja tu, akafunga mdomo.

Nikanywa. Mheshimiwa, sina elimu ya bia, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya nyumbani. Ilianza kama sabuni, ikapita kwenye ufunguo wa kufuli la zamani, halafu ikaelekea mahali ambapo mpaka sasa sijapata jina lake. Nilipodhani imekwisha, ilikuwa bado inakuja. Machozi yalinitoka. Nikasema, “Tamu.” Nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Nikasema, “Mwalimu, tamu sana, hii ni tamu jamani.”

Yule mama akayaona yale machozi, naye akalia. Akanikumbatia, akaniita mzazi mwenzangu. Jumapili wanakuja, wote. Binti yangu yupo chumbani anaimba, naisikia pasi inavyofoka. Ila Mwalimu Mkuu, kwa furaha aliyokuwa nayo, ametangaza kwamba bia ya harusi nzima ataitengeneza yeye, ile ile, asibadilishe hata punje, na mimi nikapiga makofi. Kisha akanijazia glasi hadi ukingoni, akatoka kwenda kumwita mwanawe kwenye gari.

Alipotoka tu, mume wangu aliondoka pale mlangoni. Akanitoa glasi mkononi, akainywa yote akiwa amesimama, bila kuizungusha, akanirudishia tupu, akarudi mlangoni kwake. Kalamu zote mbili zilibaki mfukoni.

Kwa hiyo nayaondoa maombi yangu (a), (b) na (c). Kumi na tisa ni nyingi mno, alimpendelea. Wewe na Jopo lako mmealikwa harusini, na kwa kuwa mliandika kwamba bia ile itakumbukwa, nimewapangia meza ya mbele, karibu na pipa. Kuhusu (d), ule muhuri bado nauhitaji, lakini andika kwamba ulimi wa Jaji Nambari Nne ni mzima kabisa, na barua umtumie yeye, kwa jina lake. Mimi nimejaribu kumwambia tangu wageni waondoke. Nafungua mdomo niseme alikuwa sahihi, najikuta namwambia glasi zioshwe, naye anaziosha. Sasa hivi nyumba nzima haina glasi chafu, anaziosha zilizo safi, na mimi bado sijasema.